Siku Nne Bila Kipimo

Kila asubuhi, Chiriku na bibi yake walipima maharage. Makopo sita yalipangwa dirishani: matatu yalimwagiliwa maji ya bomba, matatu maji yaliyooshewa mchele. Bibi, fundi cherehani mstaafu, alishika futi yake ya kupimia nguo, naye Chiriku akaandika kwenye daftari la utafiti.

"Huu umepanda nusu sentimita, bibi."

"Acha kuupunja mche wa watu! Tazama vizuri, mjukuu wangu. Nusu na kidogo."

Wakacheka. Walipima hivyo siku saba. Siku ya nane, Jumatatu, bibi hakuamka. Maskini Chiriku! Mtoto aliyepewa jina hilo kwa kuongea bila kituo, alikaa kimya siku nne.

Baada ya msiba aliendelea kupima peke yake, lakini jedwali lilikuwa na mistari minne mitupu. Kila alipoitazama, alilifunga daftari. Mwishowe akachukua penseli, akaijaza kwa kubuni, nusu sentimita kila siku.

Mwalimu wa sayansi aliisoma ripoti taratibu. Swali, sawa. Njia, sawa. Alipofika kwenye matokeo, akamwita Chiriku pembeni.

"Jumanne nilikuja msibani kwenu," alisema kwa upole. "Nilikukuta umelala mapajani mwa shangazi yako. Nani alipima maharage?"

Chiriku akaangua kilio. "Hakuna, mwalimu. Siku saba za kwanza nilipima na bibi. Zile nne hata maji hatukuyamwagilia. Nilishindwa kuyatazama yale mapengo."

"Pole sana, mwanangu. Lakini kwenye matokeo tunaandika tulichokiona tu. Usipopima, acha wazi, ueleze sababu. Zile siku saba bibi yako alipima kwa uaminifu. Ukizichanganya na namba za kubuni, nani ataamini hata kazi yake?"

Maneno hayo yalimchoma. Bibi, aliyegombania hata ile "nusu na kidogo"! Chiriku akafuta namba zote za siku zile nne. Chini ya jedwali akaandika: "Siku hizi hatukupima wala kumwagilia. Bibi yangu alifariki." Kisha akarudi kwenye sehemu ya njia, akaongeza: "Vipimo vya siku saba za kwanza vilichukuliwa na watu wawili. Vilivyofuata, na mmoja."

Mwalimu akasoma.

"Sasa ripoti yako ina mapengo," alisema, "na kila namba iliyobaki naiamini. Mtafiti mkweli huandika hivi, hata pale panapomuuma."