Ndama wa Rangi ya Majivu

Jumatano saa 1:20 asubuhi, Halfani alifungua banda lake la ndulwe pale Misunkumilo akamkuta jike amesimama peke yake. Ndama wa siku tano hakuwepo. Kufuli lilikuwa chini, limevunjwa.

Halfani ana duka la vitambaa mjini Mpanda, lakini watu wanamjua kwa ndulwe. Ni wanyama wa kimo cha mbuzi, wenye manyoya yanayoshuka mpaka magotini, na karibu wote ni kahawia. Dume na jike wake ni wa rangi ya majivu, na watu hutoka mpaka Tabora kuja kuomba ndama. Huyu aliyeibiwa Halfani hakuwahi kumwona. Alizaliwa yeye akiwa Kigoma, akarudi Jumanne amechoka, akaenda kulala. Alichojua aliambiwa kwenye simu na Feisal, shemeji yake anayelisha wanyama. Ndama ni majivu matupu, alisema Feisal.

Feisal huyohuyo ndiye aliyesema kuna mtu Kabungu ana ndama wa majivu. Saa 4 Halfani alikuwa huko, katikati ya gulio, amemshika shati kijana mmoja mkulima, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, anayeitwa Salvatori.

"Mwizi! Nyie watu wa makambi tumewapa uraia, sasa mnatuibia!"

Jioni Salvatori alikuwa ndani, kituoni Mpanda. Jumamosi alitakiwa kumwoa Aline, na ndama yule alikuwa sehemu ya mahari. Baba wa Aline, Jean Bosco, alikuwa ameshatuma neno kwamba binti yake haolewi na mwizi.

Kesi ikaangukia mezani kwa Sajini Telesfori. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na magoti yaliyokuwa yanamuuma tangu mvua za mwaka juzi. Alimtoa Salvatori mahabusu Alhamisi saa 2 asubuhi.

"Huyo ndama kazaliwa lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita, afande."

"Wazazi wake?"

"Wote kahawia."

"Kahawia wawili wanazaa majivu?"

"Wamezaa. Bibi yao ni mmoja, alikuwa wa majivu. Alikuwa wa mama yangu."

"Nani alimwona akizaliwa?"

"Mimi na mama yake ndama." Salvatori alicheka kidogo, kisha akaacha. "Afande, kama sitoki kabla ya Jumamosi, usihangaike kunitoa tena."

Telesfori alimpigia Lucia, afisa mifugo aliyesoma naye darasa moja kabla yeye hajaacha shule.

"Inawezekana kabisa," alisema Lucia. "Majivu hujificha ndani ya kahawia, hata vizazi viwili vitatu. Kahawia wawili wakiwa wameibeba wote, siku moja inatokea."

"Na majivu wawili wakizaa kahawia?"

"Hiyo haipo. Kahawia haijui kujificha. Ikiwepo, unaiona. Majivu kwa majivu utapata majivu tu. Umeamkaje, Tele? Sauti yako kama ya mtu aliyechimba kaburi."

"Nimeamka. Inatosha."

Saa 5 alipanda pikipiki mpaka Misunkumilo na ndama wa Salvatori ndani ya tenga. Alimweka mbele ya jike la Halfani. Jike lilimnusa, likampiga teke. Ndama akarudi, akapigwa tena.

"Ananuka mikono ya wezi," alisema Halfani.

"Lakini maziwa anatoa?"

"Asubuhi na jioni. Hata leo tumekunywa," Feisal alidakia haraka.

Telesfori aliinama kumtazama jike shingoni. Wafugaji wa ndulwe wote huku hufanya kitu kimoja: ndama akizaliwa, saa hiyohiyo hukatwa manyoya kidogo, yakasukwa na kufungwa kwenye shingo ya mama. Ndama asipokuwepo, mama hunusa kile kifungo na kuachia maziwa. Ukikiondoa, maziwa hukauka. Kifungo kilikuwepo, cha majivu. Telesfori alikishika, kisha akaangalia vidole vyake. Vilikuwa na vumbi jeupe.

Aliomba maji. Halfani aliagiza kikombe.

"Unywe kivulini, sajini. Umechoka."

"Si ya kunywa."

Alichovya kile kifungo kwenye kikombe, akakisugua kwa kidole gumba. Maji yakawa ya kijivu, mazito kama uji. Alipokitoa, manyoya yalikuwa kahawia, kahawia ya udongo wa Kabungu.

Halfani alitazama kikombe, akatazama dume lake la majivu upande wa pili wa uzio.

"Nani kafunga hiki?" aliuliza Telesfori.

"Mimi," alisema Feisal.

"Siku gani?"

"Siku aliyozaliwa. Nilifunga bila kufikiri, kama siku zote. Nilipomwangalia ndama vizuri ndipo nikaona rangi."

"Baba yake nani?"

"Dume la jirani. Ile siku ya mechi niliacha geti wazi nikaenda kwenye tivii. Nilirudi nikamkuta ndani. Nikajiambia labda hakuna kitu."

"Ukavunja kufuli mwenyewe."

"Shemeji aliwaambia watu wa Tabora kwamba damu ya ndulwe wake haijawahi kuchanganyika. Angenifukuza, afande. Kifungo nilitaka kukitoa, lakini maziwa yangekata na dada, ambaye haji bandani, angeuliza. Nikapaka majivu ya jikoni."

"Na Salvatori?"

Feisal alitazama chini. "Nilisikia ana ndama wa majivu. Nilijua watabishana tu. Sikujua watamfunga."

"Ndama wako yuko wapi? Umemchinja?"

"Sikuweza. Yuko Magamba kwa shangazi Mwanaiddi."

Halfani aliketi juu ya ndoo. Kisha akavuta mkono wa sajini.

"Bwana Telesfori, hili tulimalize hapahapa. Kijana umtoe. Mimi nitasema ndama amepatikana. Rangi haina haja ya kutajwa."

"Kutoka atatoka. Lakini mkwe wake hasikilizi askari. Kesho saa 3 uko nami Kabungu."

Ijumaa walikuta watu ishirini hivi nyumbani kwa Jean Bosco. Aline alisimama mlangoni amekunja mikono. Salvatori alikaa mbali, ndama wake kati ya miguu, kwa kuwa hakuwa amekaribishwa. Telesfori alieleza kwa maneno machache. Jean Bosco alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Halfani.

"Wewe ndiye ulisema. Sema wewe."

Halfani alikohoa. "Kijana hakuiba," alisema polepole. "Ilikuwa makosa ya nyumbani kwangu."

"Makosa gani?"

"Jike langu lilizaa kahawia."

"Sisikii," alisema Jean Bosco. "Jumatano gulio zima lilikusikia."

Watu wengine walicheka. Telesfori alitafuta kigoda akaketi, magoti yakimuuma, wala hakumsaidia. Halfani alivua kofia yake, akasimama wima, akapaza sauti mpaka wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi nyumba ya pili wakainua vichwa.

"Jike langu lilizaa kahawia! Salvatori si mwizi!"

Jean Bosco aliingia ndani. Alitoka na kiti kingine, akakiweka karibu na chake.

"Salvatori," alisema, "njoo ukae huku."