Kete za Sataranji

Kila Ijumaa baada ya shule, Nyamoita alifagia ghala la wachongaji mawe wa Tabaka. Humo baba yake, Ombui, alifanya kazi na Mzee Ondieki na Okemwa. Mwaka huo wa 1971 walichonga kete za sataranji, mchezo ambao hakuna kati yao aliyeujua. Seti sita zilikuwa mkekani, kila moja katika fungu lake. Lori la mnunuzi lilitarajiwa kabla ya jua kutua, maana Sabato ikiingia hakuna ambaye angeuza.

Wachongaji walipokwenda mtoni kunawa, Nyamoita aliamua kuwasaidia. Alikusanya wafalme wote pamoja, farasi wote pamoja, na askari wote katika safu ndefu. Ghala likapendeza kama gwaride.

Okemwa aliingia akashika kichwa. "Nyamoita! Umetumaliza!"

"Lakini nimepanga, baba mdogo. Kila aina mahali pake."

"Mnunuzi hanunui aina, ananunua seti! Mfalme wa Ondieki ana shingo ya twiga. Askari wangu wafupi watamwonaje?"

Nyamoita aliinua kete moja, akairudisha. Akainua nyingine. Zote zilijaa vumbi jeupe, na machoni pake zote zilifanana. "Mungu wangu, nimeshindwa," alinong'ona. Hapo akasikia lori likipanda kilima.

"Lete maji," alisema Mzee Ondieki, aliyekuwa ameingia na Ombui.

Alichovya farasi wawili. Vumbi likatoka, mmoja akaonyesha mishipa ya waridi, mwingine ya kijivu. "Kila seti ina mawe yake, mjukuu wangu. Hawa si ndugu."

Wote wanne walichovya na kulinganisha, huku dereva akipiga honi. Jua lilipotua, seti nne zilikuwa zimepakiwa. Mbili za Ombui zilibaki zimechanganyika, na lori likaondoka bila hizo.

Nyamoita alilia. Ombui akaketi kando yake.

"Hukuwa mvivu, mwanangu. Ulipanga ulivyoona wewe, bila kutuuliza sisi tunaochonga. Kabla ya kupanga kazi ya mtu, mwulize kitu gani kinakwenda na kipi, na kwa nini."

Nyamoita alifuta machozi, akatazama rafu ya pembeni.

"Baba, na vile visahani, vinakwenda na nini?"

Ombui akatabasamu. "Sasa ndiyo umeanza kupanga. Jumapili nitakuonyesha."