Uji wa Fundi Yahaya

Zamda alikuwa amechuchumaa uani, akichuja uji wa baba yake kwa kitambaa cheupe, mwanamke asiyemjua alipoingia bila kupiga hodi. Alikuwa mnene, amejifunga khanga mbili za rangi ya machungwa, na kichwani amebeba kapu tupu. Hakusalimu. Alishusha kapu, akavuta kigoda, akaketi, kisha akajifunika uso kwa ncha ya khanga na kuanza kulia kilio kikavu kisicho na chozi hata moja.

"Maiti iko wapi?" aliuliza katikati ya kilio. "Nimetoka mbali, nimekuja kuzika."

Zamda almanusura amwage uji. "Mama, hapa hakuna maiti. Baba ni mgonjwa tu."

"Usinifiche, mtoto. Nimeambiwa kule stesheni kwamba kuna Mnyamwezi wa Kanyenye kapasuliwa tumbo, wakamkuta na ugali wa tangu enzi za Mjerumani. Mtu wa namna hiyo haponi. Nipe shuka lake mapema, kabla ndugu hawajaanza kugombania."

Sauti dhaifu ikasikika kutoka chumbani. "Zamda, funga mlango wa jikoni. Ameingia Mzaramo, nasikia lafudhi. Akiiona sufuria atakula mpaka kifuniko."

Kisha baba yake akaanza kucheka, na papo hapo kulalamika. "Aa, aa, mshono wangu." Zamda alikimbilia ndani. Alimkuta Fundi Yahaya ameukumbatia mto tumboni kama alivyofundishwa hospitalini, machozi ya kicheko yakimtiririka. Tangu arudi nyumbani, siku nne zilizopita, hakuwa amecheka hivyo.

Mgeni yule hakuwa na wazimu. Alikuwa mtani. Zamani Wanyamwezi waliposafiri kwa miguu na mizigo kichwani kutoka Tabora hadi pwani, walipita nchi ya Wazaramo, wakalala huko, wakagombana huko, na mwisho wakapatana. Ndipo ukazaliwa utani wao: kutukanana bila kukasirika, kunyang'anyana bila kushtakiana, na kufika haraka penye ugonjwa au msiba. Jina la mgeni lilikuwa Bi Mwanahawa. Mumewe alikuwa amehamishiwa stesheni ya Tabora wiki ile ile, na kabla hata hajafungua mizigo, yeye aliuliza kama kuna Mnyamwezi anayeumwa.

Fundi Yahaya alikuwa fundi bati. Vibatari, karai na ndoo nyingi za mtaa ule zilitoka chini ya nyundo yake. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilimtesa, hadi madaktari wakaamua kumpasua na kuondoa sehemu ya tumbo iliyoharibika. Siku aliporudishwa nyumbani, Bwana Masele, muuguzi aliyewazungukia wagonjwa wa mtaa kwa baiskeli, alimweka Zamda mbele yake na kumpa maagizo.

"Tumbo alilobaki nalo baba yako ni dogo kama ngumi yako," alisema. "Nusu kikombe cha kahawa cha uji mwembamba, anywe kidogo kidogo, kisha apumzike. Atembee uani taratibu. Asinyanyue kitu. Wiki mbili asiguse ugali wala nyama. Na lolote litakalotokea, niambieni kama lilivyo."

Mama yake Zamda, Bi Mwanne, aliuza katika duka la ushirika huko Gongoni, na hakurudi kabla ya saa tisa. Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo kazi ya mgonjwa ikawa ya Zamda, naye aliifurahia. Alijua uji mzito kwa kuutazama tu, na alihesabu hatua za baba yake uani kama mwalimu wa michezo.

Kilichomshinda ni sahani za majirani. Kila asubuhi zilifika, zimefunikwa kawa: wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga. Tabora sahani ya mgonjwa hairudishwi. Anayeileta huketi kitandani na kusema, "Onja basi, usinivunje moyo." Zamda alizoea kusema kwamba baba amelala, ingawa mara nyingi baba alikuwa akipiga soga kwa sauti.

Adhuhuri ya siku ile, baada ya Bi Mwanahawa kwenda zake akiahidi kurudi kuchukua shuka, alifika Shangazi Tatu kutoka Kwihara. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi Yahaya, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa ametembea njia yote kwa miguu, na jogoo kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona baba yako amebaki mifupa? Mnamlisha maji?"

Hakungoja jibu. Alimchinjisha jogoo kwa jirani, akamwunga kwa karanga, akasonga ugali wa mtama, akaiweka sahani mbele ya mdogo wake. Kisha akaketi kumtazama.

"Shangazi, Bwana Masele alisema..." Zamda alianza.

"Huyo Masele alikuwepo nilipokuwa nikimbeba mgongoni huyu?"

Fundi Yahaya aliutazama uso wa dada yake, akaitazama miguu yake iliyojaa vumbi la Kwihara. Akakata tonge. Likafuata la pili, la tatu na la nne, na nyama ya paja. Shangazi Tatu aliondoka mapema ili mvua isimkute njiani, amefurahi kama aliyeozesha binti.

"Zamda," baba yake alisema polepole, "mama yako asijue. Atamkasirikia shangazi yako bure."

Haikupita nusu saa. Jasho lilimtoka Fundi Yahaya, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata, akaanza kutapika. Bi Mwanne aliporudi alimkuta amejikunja kitandani.

"Amekula nini?"

"Uji tu," Zamda alijibu, akitazama sakafu.

Bi Mwanne alimtuma mtoto wa jirani kumwita Bwana Masele. Muuguzi alifika, akaegemeza baiskeli ukutani, akampima mgonjwa joto na mapigo ya moyo. Uso wake ulikuwa mzito.

"Mna uhakika hajala kitu kingine?"

"Uji peke yake," alisema Bi Mwanne. "Mtoto alikuwa naye."

"Kama ni uji peke yake, basi nina hofu mshono wa ndani umeachia. Itabidi arudi hospitalini sasa hivi, na huenda akapasuliwa tena. Tafuteni gari."

Fundi Yahaya alifumbua mdomo ili aseme, lakini kichefuchefu kikamzidi. Bi Mwanne alikuwa ameshafika mlangoni. Zamda alihisi ulimi wake mzito kama nyundo ya baba yake. Akisema, atakuwa amevunja siri ya baba, na shangazi atalaumiwa. Asiposema, baba atapasuliwa tena.

"Amekula ugali," alisema. "Matonge manne. Na kuku wa karanga. Mama, nilikudanganya."

Bwana Masele alilibonyeza tumbo la mgonjwa kwa vidole, huku na huku, bila haraka. Lilikuwa laini, na joto la mwili halikuwa limepanda. Hatimaye alishusha pumzi.

"Tumbo limekataa mzigo," alisema. "Naona halijachanika. Leo asile kitu. Mpeni maji kwa kijiko tu, nami nitarudi magharibi. Joto likipanda, msinisubiri, mpelekeni." Akamgeukia Zamda. "Umeniambia kwa kuchelewa, lakini umeniambia."

Aliporudi jua likizama, Fundi Yahaya alikuwa amelala usingizi mtulivu.

Kesho yake Bi Mwanahawa alikuja kudai shuka, akasimuliwa yote. Alifikiri kidogo, kisha akabeba kigoda chake na kwenda kukiweka katikati ya mlango wa mbele. Jirani wa kwanza alipotokea na sahani ya wali, Bi Mwanahawa aliinyakua.

"Mali ya mtani hii. Mnyamwezi wenu atakula nikishashiba mimi, na mimi sijawahi kushiba."

Nani angemkasirikia mtani? Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Siku zilizofuata Bi Mwanahawa alikusanya samaki, maharage na maandazi, akawagawia watoto barazani. Wakawa wanafika kabla yake. Sahani ziliendelea kuja, tena kwa furaha, maana kila mtu alitaka kumsikia Mzaramo akitukana.

Shangazi Tatu naye alirudi, na jogoo wa pili.

"Nipe huyo," Bi Mwanahawa alisema. "Na wewe mwenyewe uingie kapuni, unatosha kwa supu."

"Mzaramo gani anayejua supu? Ninyi si mnakunywa maji ya nazi mkadhani mmekula?"

Walicheka wote wawili. Ndipo Zamda alipomshika shangazi yake mkono, akampeleka uani, akamweleza ukweli: kuku wa siku ile alimuumiza baba, nusura apasuliwe tena. Shangazi Tatu aliinama, akaanza kujipangusa vumbi la miguuni. Zamda aliogopa kwamba amemvunja moyo.

"Basi nionyeshe," hatimaye alisema, "unavyouchuja huo uji." Na alasiri ile, kwa mara ya kwanza, alimlisha mdogo wake nusu kikombe cha uji wa mtama, kijiko baada ya kijiko.

Maulidi ilikuwa inakaribia. Jioni moja Fundi Yahaya alipumua kwa huzuni. "Mwaka huu pilau itanipita mbali."

"Nami sitakula, baba. Siku hiyo tutakunywa uji pamoja."

"Usiahidi kitu ukiwa umeshiba."

"Naahidi."

Siku ya Maulidi, Kanyenye nzima ilinukia bizari. Dufu zilipigwa, watoto walipita na nguo mpya. Bi Mwanahawa alimletea Zamda sahani ya pilau yenye vipande vinne vya nyama na zabibu juu yake. Zamda alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Kula hapa jikoni," mama yake alimnong'oneza. "Baba yako hawezi kukuona, wala hatakuuliza."

Zamda aliitazama ile pilau. Mate yalimjaa. Kisha akamimina uji katika vikombe viwili vya kahawa, akaingia navyo chumbani. Mama yake na mtani wakamfuata, Bi Mwanahawa na sahani mkononi.

Fundi Yahaya alikuwa ameketi wima, akitazama vikombe.

"Nasikia harufu ya pilau," alisema. "Hukula?"

"Niliahidi, baba."

Baba yake alimsogeza karibu. "Siku ile nilikula kwa kuona haya, kisha nikamtwika mwanangu uongo wangu aubebe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Usimfichie mtu ugonjwa, Zamda, hata mimi baba yako. Anayekupenda atavumilia kusikia ukweli. Shangazi yako amevumilia, na bado ananipenda. Na kwa pilau uliyoiacha leo, nami nakuahidi, hakuna tonge litakalopita hapa kabla Masele hajasema."

"Maneno mazuri," alisema Bi Mwanahawa. "Sasa hii pilau haina mwenyewe."

Akaketi mbele yao kwenye mkeka, akaanza kuila polepole, akisifu kila kipande cha nyama, akizilamba zabibu moja moja. Fundi Yahaya aliukamata mto, akacheka. Zamda alimeza mate, akainua kikombe chake, akanywa uji.