Kipimajoto cha Mlangoni pa Kanisa

Asubuhi Marcienne alikuta majani ya jana hayajaguswa. Mbuzi wake wa pekee, mwenye mimba ya miezi minne, alisimama kwenye kona ya banda, kichwa chini. Marcienne akaingiwa na hofu. Mjukuu wake alikuwa dhaifu, na nyumba nzima ilikuwa ikisubiri maziwa ya mbuzi huyo.

Mumewe, Barnabé, wala hakujali. Siku za korona ndiye aliyewapima watu joto kwenye mlango wa kanisa hapa kijijini Kashojwa, na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso alikuwa nacho bado. Akamwelekezea mbuzi kwa madaha.

"Thelathini na sita na nne. Ni mzima. Angekuwa mtu, ningemruhusu aingie misa."

Marcienne hakucheka. Mzima gani asiyekula? Akaenda kumwita jirani yao Eugénie, Mkongomani aliyefundishwa kazi ya mifugo mjini Mbarara.

"Papa Diane, hiki kimepima manyoya tu," alisema Eugénie akimgeukia Barnabé. "Na mbuzi si mutu. Joto lake la kawaida linaanza thelathini na nane na nusu, linafika karibu arobaini. Angekuwa na thelathini na sita kweli, tungekuwa tunamulilia."

Barnabé akakitia kipimajoto chake mfukoni taratibu.

Eugénie akatoa vyake viwili mkobani. "Hiki cha kioo unakikung'uta kwanza mpaka zebaki ishuke, kisha unangoja dakika tatu. Kinavunjika upesi. Hiki cha betri kinalia chenyewe kikimaliza. Leo tutumie hiki."

"Tunakiweka mdomoni?" aliuliza Marcienne.

"Atakitafuna. Ni kwa nyuma, Mama Diane. Wewe umushike vizuri."

Akapaka ncha mafuta ya kupikia, akainua mkia, akakiingiza polepole huku akikilaza kiguse ukuta wa ndani, si mavi. Kilikuwa na uzi wenye kibanio. Akaubana kwenye manyoya ili kisipotelee ndani. Kikalia: arobaini na moja na tatu.

"Ni homa kali. Tusingoje."

Akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari akaja kwa bodaboda kabla ya saa sita, akamchunguza mbuzi na kumchoma sindano. Eugénie akamwachia Marcienne kipimajoto. Naye akapima mwenyewe asubuhi na jioni. Siku ya tatu kilisoma thelathini na tisa na mbili. Mbuzi alikula majani yote, akaanza kutafuna kamba.

Mwezi uliofuata alizaa mapacha, na mjukuu akapata maziwa. Marcienne akanunua kipimajoto chake Mbarara. Akakifunga uzi mwekundu kiwe cha mbuzi peke yake, na kila akikitumia hukiosha kwa sabuni na maji ya baridi.

Jioni moja Barnabé alirudi kutoka shambani akitetemeka.

"Mama Diane, nina homa. Niletee kipimajoto."

Marcienne alikuwa bandani. Akatokeza na kile chenye uzi mwekundu mkononi. "Kipi?"

"Cha kanisani," alisema Barnabé upesi, akaketi.