Nilisoma Sura za Wachimbaji Wote wa Omate, Ya Nyumbani Ikanishinda

Niko na miaka makumi sita na tatu. Niko mulimaji wa Bihambwe, hapa Masisi. Masomo nilifika darasa ya pili tu, kisha baba akanipa jembe. Basi musitafute maneno mazuri hapa. Lakini nyumba yangu iko ya mbao na mabati, maharagi yangu inashuka mulima muzima, na ng'ombe zangu hakuna muntu alinipa bure. Vyote nilitoa mu mikono yangu. Na vile nilivyojenga kwa mikono, nilivunja kwa mudomo… kwa siku moja ya Mungu, jua ikiwaka, watu wakinitazama!

Nikiwa kijana nilienda Walikale, kuchimba zahabu kule Omate. Mvua ikinyesha shimo inajaa maji, na hapo mutafanya nini? Tunakaa chini ya shitingi, ile turubai ya plastiki, tunacheza karata. Poka. Kila muntu anapewa karata tano, anaficha, anaweka kitu chini: sabuni, sigara, chembe ya zahabu. Kama haogopi anapandisha. Kama anaogopa anatupa karata zake na kuacha kile alichoweka.

Wengine walifikiri ile muchezo iko bahati. Wajinga! Mimi sikucheza karata, nilicheza watu. Yule amepata zahabu asubuhi, mikono inatetemeka na furaha, huyo usimudanganye. Atataka kuona karata zako tu, hata kwa hasara. Ungoje karata ya kweli, kisha umulipishe. Yule baba wa watoto saba, anashika sabuni yake kama mutoto muchanga, huyo mupandishie kidogo tu, atakimbia. Mwenye kelele, mwenye kujisifu, hana kitu. Munyamazie. Atajimaliza mwenyewe.

Lakini yule kimya, anayeangalisha macho chini… Huyo iko anaficha kitu. Mbele ya huyo unatupa karata zako na unaenda kulala. Ile sheria haikunidanganya hata mara moja kule Omate. Nikairudisha nyumbani kama zahabu.

Na nyumbani nilikuwa na nini? Nilikuwa na bibi muzuri. Mama Furaha, binti wa Kirotshe, kule ku ziwa. Nilimupita miaka kumi na tano. Munielewe vizuri, wasomaji… Siku nilimuoa njo siku wivu iliingia mu nyumba yangu pamoja naye. Akichelewa ku soko, moyo unaniwaka. Akicheka na muuza chumvi, chakula inanishinda. Kila jioni nilimutazama sura, vile nilivyokuwa nikitazama wachimbaji. Anaficha nini huyu? Leo amejifunga kitenge mpya, kwa sababu ya nani?

Miaka makumi mbili na minne, hakuna kitu nilipata. Muntu mwenye akili angetulia. Mimi nilisema: kumbe anajua kucheza!

Halafu akaja Bahati.

Bahati nilimukuta Omate, maana hata na mvi nilikuwa ninarudia kule; kijana wa miaka makumi mbili na nane, mutu wa Kirotshe vilevile. Siku moja jiwe ilinivunja muguu mu shimo, njo yeye alinibeba ku mugongo mpaka ku barabara. Nikamupenda kama mutoto wangu. Nikamufundisha poka, nikamuleta Bihambwe, akalala kwangu, akakula kwangu.

Kosa yangu ya kwanza! Maana yeye na bibi yangu walianza kuongea mambo ya ziwa. Sambaza ya kule, zile samaki ndogo, mitumbwi ya kule, mama fulani wa kule mwenye mudomo murefu. Wanacheka mpaka machozi. Mimi mutu wa mulima niko nimekaa kama kisiki. Siku moja bibi akamwambia, «Bahati, huyu muzee wangu hata sambaza anakula akiondoa kichwa!» Wakacheka, na binti yangu Furaha akacheka nao. Nilicheka na mimi. Lakini ndani… ndani nilikuwa nimekunja ngumi.

Nilienda tena Omate peke yangu, nikakawia miezi mitatu. Niliporudi nilikuta mambo imegeuka.

Bahati, aliyekuwa anaingia kwangu bila kubisha hodi, sasa anasimama inje. Anaalikwa chakula, anakataa. Bibi yangu akipita mu njia, yeye anatoka njiani, anaingia mu maharagi ya watu, anageuza uso! Na bibi naye, akisikia sauti yake, anajifunika kitenge na anakimbilia ku jiko. Hakuna kucheka tena. Hakuna ziwa, hakuna sambaza. Kimya. Macho chini.

Na jirani akanichomelea musumari: alisema nilipokuwa Omate, shangazi ya Bahati, aliyeolewa hapa Bihambwe, alikuja mara mbili kuongea na Mama Furaha nyuma ya nyumba, pole pole, na wote wawili walinyamaza alipopita.

Wasomaji, mungefikiri nini ninyi? Mimi nilisema: nimepata! Baada ya miaka makumi mbili na minne, nimepata!

Bibi mwenyewe alijaribu kuongea. Alikuja nikifunga ng'ombe, akasema, «Papa Furaha, kuna neno nataka nikuambie, lakini utulie kwanza.» Nilimujibu kwamba maneno yake yote ninayajua, na ayapeleke kwa yule anayemutuma. Alinitazama sana… Akarudi ku jiko. Nilifikiri ni aibu ya mwizi!

Siku ya Mungu, watu wametoka ku misa, tulikaa pale wanauzisha kasiksi, pombe ya ndizi. Watu wengi, wazee, wamama, hata ile shangazi ya Bahati alikuwa pale na kopo yake. Nikatoa karata mu mufuko. Nikaita Bahati mbele ya wote.

Hakutaka. Alisema, «Papa, leo nipumuzishe.»

Nikamwambia, «Kijana anayechimba usiku na muchana, anachokeshwa na nini? Ao kuna shimo ingine unachimba hapa Bihambwe?»

Watu wakacheka. Yeye akakaa. Tukacheza. Na kila mara, hata nikipandisha kidogo, yeye anatupa karata. Anatupa tu! Haniangalishi mu macho. Anaita «Papa» kwa sauti ya chini. Nilizidi kuwaka. Mu roho yangu nilisema, ni zambi yake inamuogopesha.

Wote Bihambwe walijua Bahati iko na ng'ombe moja, dume hapana, ng'ombe jike muzuri mweusi, jasho yake ya miaka miwili mu mashimo. Nikamwambia, «Sasa weka ng'ombe. Mimi naweka mbili.»

«Papa, ile ng'ombe haiko yangu tena. Imekwisha kupata kwao.»

Kwao wapi? Kwangu! Anataka kumupa bibi yangu! Njo vile nilisikia. Nikamutukana mbele ya watu, nikasema kama iko mwanaume aweke, kama iko mwanamuke aende kusaidia wenzake kuchagua maharagi. Muzee akikusukuma hivyo mbele ya mukutano, utakataa namna gani? Aliweka.

Mu mukono yangu nilikuwa na tisa mbili tu. Takataka. Yeye alitazama karata zake mara moja, akanyamaza, macho chini. Mbele ya muntu wa namna hiyo unakimbia… si nilisema? Mimi mwenyewe, mwenye sheria, sikukimbia! Nilipandisha ng'ombe ya tatu. Wivu njo ilikuwa inacheza, si mimi.

Bahati akaweka karata zake chini, zimefunikwa. Akasema, «Umenishinda, Papa. Uichukue, ni yako.»

Muzee mumoja karibu naye akazifunua. Wafalme watatu! Watu wakasema «Eee!» Angenimaliza, na hakutaka.

Muntu mwingine angeshukuru. Mimi nilisimama, nikapiga kelele mpaka ku kanisa walisikia: «Unanilipa bibi yangu na ng'ombe? Ulilala naye mu nyumba yangu, kisha unanipa ng'ombe?»



Kopo ilianguka. Shangazi ya Bahati alisimama, mikono ku kichwa. «Papa Furaha! Unasema nini juu ya mama mukwe yake? Uliona wapi mukwe anatazama mama mukwe ku macho? Uliona wapi anakula mbele yake? Kijana anataka binti yako! Ile ng'ombe ni dote, ni mahari yake! Tulikuwa tunangoja Mama Furaha akuambie kwanza, kisha tukuletee pombe kama desturi!»

Furaha… binti yangu, anayeimba kila asubuhi, na sikumuuliza hata siku moja anaimba kwa sababu gani. Macho yangu yote ilikuwa ku mama yake.

Na musiseme sikujua desturi. Niliijua! Na mimi nilitoka mu njia mbele ya mama mukwe yangu, niliingia mpaka mu matope na suruali ya ndoa. Kwetu neno inapita kwanza kwa mama, kwa njia ya shangazi, baba anasikia mwisho. Mutoto wa miaka kumi angeona. Mimi niliona uzinzi, kwa sababu njo kile nilitafuta tangu zamani.

Nilichinja mbuzi, nikapeleka pombe, nikapiga magoti mbele ya jamaa ya Bahati, mimi na mvi zangu. Wazee walikula, wakafuta midomo, wakanijibu bila ukali. Walisema mbuzi inasafisha damu, inasafisha hata matusi. Lakini muntu akisha kuitwa mwanaume wa mama mukwe yake mbele ya kanisa nzima, ataingia mu ile nyumba namna gani? Atampa nani salamu? Ndoa ikafia pale.

Bahati alirudi Walikale. Nilimutumia ng'ombe yake, akairudisha na neno moja: Papa aliishinda. Iko mu zizi yangu. Inatoa maziwa mengi, na hakuna mutu wa kwangu anayeyakunywa.

Furaha ananipikia, ananisalimia, hana neno baya. Haimbi.

Na Mama Furaha alifunga vitenge vyake, akashuka Kirotshe kwa ndugu zake. Nilimufuata na pikipiki, mvua yote juu yangu. Walinipa kiti ku baraza, hawakunikaribisha ndani. Alitoka, akakaa mbali, akaniambia: «Miaka makumi mbili na minne ulinitazama sura. Hata siku moja hukuniuliza. Mimi nilikuwa bibi yako, Papa Furaha, sikuwa muntu wa kushinda.»

Nilishuka ku baraza, nikarudi ku mulima na ile mvua. 

Wanaume wenzangu, vijana na wazee, nawaomba! Ukiwa na akili ya kusoma watu, ikusaidie ku biashara, ku soko, ku karata. Ukifika ku mulango yako, iache inje pamoja na viatu vya matope. Wivu haina macho, iko na mudomo tu, na ile mudomo inaazima kwako mwenyewe. Muulize bibi yako. Akijibu, umuamini. Hata kama unaogopa. Na zaidi kama unaogopa!

Mwezi ujao nitashuka tena Kirotshe. Sijui kama atatoka.