Sanduku la Darmi

Anayebisha habari hii na aende Bula Pesa, mtaa wetu wa Isiolo, aulizie kwa kina Sadia. Tulipakana naye ua kwa ua, na ninaisimulia kama alivyotuambia mwenyewe, bila kutia chumvi. Chumvi ya nini, na mchuzi wenyewe ulikuwa mkali vya kutosha?

Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa sabini na nane, mchana wa jua kali na vumbi kama siku nyingine yoyote ya Isiolo. Sadia alikuwa ameketi mkekani katika nyumba ya nyanya yake, waliyemwita Akko, akipanga vitu vya chuoni. Alikuwa ameitwa chuo cha ualimu upande wa pili wa mlima, kwenye baridi, na Jumatatu alitakiwa aripoti. Asiporipoti, kitanda chake kingepewa mwingine. Msichana huyo alikuwa amesoma kwa taa ya kibatari hadi macho yakamwasha, na sasa hata mashuka aliyakunja huku akitabasamu peke yake.

Alikuwa na blanketi, sweta zito, sahani ya bati na kikombe, karai, sabuni ya mche, viatu vyeusi na vitabu. Kilichokosekana ni sanduku. Akko alisitasita sana, kisha akaenda stoo, akafukua chini ya ngozi za mbuzi na kutoka na sanduku la bati la rangi ya kijani.

"La nani hili, Akko?"

"La shangazi yako Darmi."

Sadia hakuwahi kumjua Darmi. Alijua tu kwamba alikuwa binti wa pekee wa Akko, kwamba alikufa akiwa msichana, na kwamba jina lake halitajwi mbele ya baba mkubwa Bonaya. Alilipangusa sanduku, akapanga vitu vyake vyote, akafunga kifuniko na kwenda kisimani kuchota maji ya kutawadhia.

Aliporudi, vitu vyote vilikuwa mkekani. Havikutupwa. Vilikuwa vimekunjwa vizuri kuliko alivyokunja yeye, blanketi chini, vitabu juu, viatu vikitazama mlango. Sanduku lilikuwa limefungwa. Alipolifungua, ndani mlikuwa na gorfa, kile chombo cha maziwa ambacho Waborana hukifuma kwa nyuzi za mizizi na kukifukiza kwa moshi wa kuni. Ilikuwa kavu, kifuniko juu. Gorfa hiyo Sadia aliijua. Ilikuwa ikining'inia juu ya kitanda cha Akko tangu yeye aanze kupata akili, na hakuna aliyethubutu kuitia maziwa.

Hakupiga kelele. Alikasirika. Mtu wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa Bonaya, maana tangu baba yake Sadia afariki na mama yake kuolewa kwingine, Bonaya ndiye aliyekuwa mwenye neno katika ule ukoo. Na neno lake lilijulikana. Kulikuwa na mzee mmoja wa Korbesa, kijiji cha mbali cha wafugaji, mwenye ngamia wengi, aliyekuwa akitafuta mke.

"Atachoka yeye, sitachoka mimi," Sadia alimwambia Akko, akiitundika gorfa mahali pake.

Akko alikuwa akiitazama ile mikunjo ya blanketi.

Kesho yake Sadia alipanga upya. Safari hii alitia kufuli na ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi. Kisha akalikalia sanduku lenyewe, akaanza kuchambua mchele. Nani angelifungua na yeye yuko juu yake?

Saa za alasiri Bonaya aliingia, akasalimu, akaketi kitandani kwa mama yake.

"Sadia, maneno ya chuo uache. Watu wa Korbesa wanakuja kesho."

"Wakija watakunywa chai, baba mkubwa. Mimi Jumatatu niko kwa basi."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Idi nitakula huko huko chuoni."

Bonaya alifungua kinywa kumjibu. Badala yake akanusa hewa. Pua yake ilikuwa imeshika harufu, na Sadia pia aliisikia. Moshi wa kuni, ule mtamu wa kufukizia vyombo. Jikoni moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi.

Chini ya Sadia kitu kilisogea.

Kilisogea polepole, nguo juu ya nguo, kama mtu anayegeuka usingizini. Kisha bati likagongwa kutoka ndani. Mara moja. Taratibu. Sadia aliruka, mchele ukamwagika sakafuni. Kufuli ilikuwa imefungwa. Alivua ufunguo shingoni na kufungua.

Gorfa. Gorfa peke yake. Ukutani, juu ya kitanda, ulibaki msumari tu.

Wote watatu waligeuka kwa pamoja. Nyuma yao, juu ya mkeka uliokuwa mtupu, vitu vya Sadia vilikuwa vimekunjwa. Blanketi chini. Vitabu juu. Viatu vikitazama mlango.

Bonaya alisimama, uso umempauka. "Mimi sikuvikunja," alinong'ona. "Mimi siku ile nilivitupa tu. Ni yeye aliyekuwa akivikunja."

Ndipo Akko alipolia, kilio alichokifungia kifuani miaka yote ile. Alimweleza Sadia yaliyotokea wakati yeye Sadia angali anabebwa mgongoni. Darmi naye aliitwa shule ya bweni. Sanduku lilinunuliwa, vitu vikapangwa. Asubuhi ya safari, Bonaya aliingia na kulimwaga sanduku lote, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwahidi rafiki yake wa Korbesa kuwa atamwoza Darmi. Darmi alipiga magoti, akavikunja vitu vyake kimoja kimoja, akaviweka mkekani viatu vikitazama mlango. Bonaya akatia ndani gorfa ya harusi.

"Tupu," Akko alisema. "Msichana wa Kiborana anatolewa na gorfa tupu! Nilimwomba angoje mbuzi wakamwe. Akasema lori linaondoka."

Hata mtoto mdogo wa Isiolo anajua kwamba chombo cha maziwa hakisafirishwi kitupu, wala hakirudishwi kitupu. Anayefanya hivyo amemtakia mwenzake njaa na kifo. Darmi alipandwa na homa kabla hawajafika Korbesa, akazikwa kando ya njia. Sanduku na gorfa vikarudishwa nyumbani, vitupu vile vile.

Bonaya alijikaza, sauti ikamrudia. "Basi mmeona wenyewe. Darmi amekataa. Huyu haendi."

Hapo Sadia aliogopa, na alituambia wazi kwamba aliogopa. Lakini kumwona mtu huyu akilitumia kaburi la dada yake kumfungia yeye mlango kulimchoma kuliko hofu.

"Hajakataa," alisema. "Wewe ndiye uliyemkatalia. Usimtie maneno mdomoni mara ya pili."

Alichukua gorfa, akatoka nayo uani. Mbuzi walikuwa ndiyo wanaingia kutoka malishoni. Alikamua mwenyewe, mbele ya majirani, mama yangu akiwa mmoja wao, mpaka povu likafika mdomoni. Alirudi, akaiweka gorfa ndani ya sanduku kwanza, katikati kabisa. Kisha akarudisha blanketi, mashuka, sweta, vitabu. Akko alikuwa akisoma dua. Bonaya alikuwa ameegemea ukuta.

Sadia aliinama juu ya sanduku, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi, nafasi ipo. Twende. Lakini vitabu vyangu usivitoe tena, nakuomba."

Kabla hajashika kifuniko, kifuniko kilishuka. Polepole. Kikajifunga.

Jumatatu asubuhi, makanga wa basi alilinyanyua sanduku lile, akalitua, akajaribu tena. "Dada, kwani umebeba mtu?"

"Pandisha tu, ndugu yangu," Sadia alimjibu. "Nauli tumelipa."

Chuoni alilisukuma sanduku chini ya kitanda na gorfa hakuifungua. Maziwa yangepaswa kuoza yanuke bweni zima, lakini harufu iliyotoka ilikuwa ya moshi tu. Wiki haikwisha kabla msichana wa Kimeru aliyelala kitanda cha pili hajamshika mkono wakielekea darasani.

"Sadia, mbona asubuhi ukisoma unasoma kwa sauti mbili?"

"Ni shangazi yangu. Alicheleweshwa. Mwache asome."

Likizo ilipofika alirudi Bula Pesa na sanduku lake. Bonaya alikuwepo. Watu wa Korbesa walishakwenda zao kwa aibu ile Jumapili, bila mke, naye alikuwa akimngoja Sadia kwa hasira. Aliiona gorfa, akainyakua.

"Maziwa yameoza humu, na nyinyi mnaogopa chombo!" Akang'oa kifuniko, akaingiza mkono wa kulia.

Hapakuwa na maziwa. Mkono ulitoka na vipande vya chaki, vingi, vimeandikiwa hadi vikabaki kama kucha. Kila kipande kilikuwa na alama za vidole vyembamba, na alama zile zilikuwa na samli, ile wanayopaka wasichana kichwani wakisukwa kwa harusi.

Akko alivikusanya vipande alivyoviangusha Bonaya sakafuni, akivibusu. "Hakikurudi kitupu," alisema. "Hakikurudi kitupu, mwanangu."

Bonaya alikwenda kunawa. Alinawa kwa maji, akanawa kwa sabuni, akasugua kwa majivu na mchanga. Kiganja kilibaki cheupe. Tangu siku hiyo hakumpa mtu mkono msikitini. Alikuwa akiuficha ndani ya shuka, akidai unamuuma.

Sadia alifundisha watoto wengi wa Isiolo, mimi nikiwemo. Na mwaka wa themanini na sita, Maryan, binti mdogo wa huyo huyo Bonaya, naye aliitwa chuo. Tulisimama uani tukitazama. Mzee alikamua mbuzi mwenyewe, akajaza gorfa mpaka povu likamwagika, akaitia katika sanduku la binti yake, akapanga vitabu juu na kufunga kifuniko taratibu. Yote hayo aliyafanya kwa mkono wa kushoto.