Nilimtuma Mchumba Wangu Akaonje

"Mbona kikombe chako kikavu?" nilimuuliza.

Kipimo alikuwa amesimama mbele ya meza ya jikoni na glasi mkononi. Glasi nayo ilikuwa tupu.

Kwenye kaunta ya hoteli yetu walimwita Kipimo kwa sababu alimimina kinywaji kwa jicho tu, asikosee hata tone. Mimi nilikuwa mpishi hapohapo, na siku hiyo harusi yetu ilikuwa imebakiza majuma saba.

Meneja alitaka karamu ya vyakula vitatu, kila kimoja na wiski inayopatana nacho. Ikipendeza, ningekuwa mpishi mkuu. Lakini imani yangu hainiruhusu pombe, sijawahi kuionja. Nikamwomba Kipimo aonje kwa niaba yangu. Nilijua fika kwamba ameacha kunywa kwa miaka sita; alinieleza mwenyewe siku aliyonitamkia mapenzi, nisije nikasikia kwa watu. Lakini waonjaji hawamezi. Huzungusha mdomoni, kisha hutema kikombeni. Nikamwambia atatema tu, kuna ubaya gani. Akacheka, akasema kwa ajili yangu angeonja hata sabuni.

Basi kwa miezi miwili, kila alasiri alionja, mimi nikaandika. Wiski yenye moshi kwa samaki wa kukaushwa. Tamu kwa chokoleti chungu. Kali kwa jibini lenye mafuta.

"Nimetemea kwenye sinki," akasema Kipimo hatimaye.

"Fundi yuko chini ya sinki tangu saa nane."

Fundi bomba alikohoa, akakusanya spana zake, akatoka bila kututazama.

"Umeanza kumeza lini?"

"Siku ya tatu."

"Na hukuniambia?"

Aliweka glasi mezani taratibu. "Kila mara ulikuwa unaniuliza, inaishaje? Ladha ya mwisho ya wiski iko kooni, mpenzi. Anayetema hajui inaishaje. Nikataka nikujibu."

Nilitazama daftari langu. Majibu yote yale nilikuwa nimeyapigia mstari.

Alinihakikishia kwamba ataacha siku ileile. Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini. Siku nne baadaye hakuja kazini, simu yake haikupokelewa. Mchana dada yake akaniandikia: "Wifi, tumempeleka ndugu yetu kwenye nyumba ya matibabu ya ulevi. Tumemkuta sakafuni. Usije kwanza."

Nikampigia dada huyo. Nilijitetea sana, nikaeleza habari ya kutema, nikaeleza kwamba alikubali mwenyewe. Alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Wifi, wewe hunywi kwa ajili ya Mungu wako," akasema. "Yeye alikuwa hanywi ili aishi. Ukamtuma akunywee."

Hakukata simu. Nikalia sikioni mwake.

Karamu niliikataa. Daftari nikampa mpishi mwenzangu, kila kitu kikapatana kama tulivyoandika, wageni wakasifu. Yeye ndiye mpishi mkuu sasa, na simwonei kijicho. Mimi nilifunga na kuomba, nikamsihi Mwenyezi Mungu anirudishie mtu wangu, hata kama harusi ingechelewa miaka.

Baada ya miezi mitatu wakaniruhusu kumwona. Nilimkuta kwenye benchi uani, amenenepa kidogo, macho meupe. Nikakaa kando yake, nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe kabla hujafika," akasema. "Hilo liondoe moyoni."

"Basi tupange siku nyingine. Nitangoja."

Alitazama mikono yake. "Sitaweza kukuoa."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo shida yenyewe." Alimeza mate, akameza tena. "Miezi miwili nilikunywa nikikutazama wewe. Mwili wangu umeshika hivyo, glasi na wewe, wewe na glasi. Umeingia getini tu, mate yakanijaa mdomoni. Hapa wenzangu wananiambia nikimbie kila kinachonikumbusha. Sasa nitakukimbiaje ndani ya nyumba yetu?"

Nilitaka kumwambia itapita. Lakini niliona shingo yake, ile kazi ya kumeza isiyoisha.

Nikainuka. Nikarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, nikimtazama, hadi nikaona koo lake limetulia. Hapo ndipo nikageuka, nikaenda zangu.